Ombi la Mwisho la Generosa

Kaeni vizuri, na aliyechoka aegemee ukuta, maana hadithi yenyewe ni ya watu waliochoka. Nikiimaliza sitawapa jibu. Jibu nitalitaka kwenu.

Katika kijiji cha Chilonje, kwenye nchi kavu ya katikati, walikuwepo watu watatu wenye vipaji.

Wa kwanza aliitwa Ndahani, mrina asali. Kipaji chake kilikuwa macho. Akiitazama ardhi aliweza kukuambia nani amepita hapo, lini, na kama alikuwa amebeba mzigo. Alipata ng'ombe waliopotea, akapata hata watoto waliopotea. Mtu mmoja tu alimshinda: mwanawe Lameki, aliyeondoka nyumbani akili ikiwa imemvurugika, akafika barabara kuu na kupanda basi. Lami haishiki unyayo. Huu ulikuwa mwaka wa tano, na mama yake Lameki bado alikuwa akimwekea sahani ya chakula kila jioni.

Wa pili aliitwa Zamda. Yeye alikuwa na pikipiki ya kubebea mizigo na abiria, lakini kipaji chake hasa kilikuwa nguvu. Pale ambapo pikipiki ilikwama, Zamda alishuka, akaubeba mzigo mgongoni na kuendelea kwa miguu. Magunia, matofali, hata wagonjwa. Binti yake Yusra alikuwa na miaka sita na tundu kwenye moyo. Akikimbia hatua kumi, midomo inageuka rangi ya zambarau. Madaktari wa mjini walisema alipaswa kupasuliwa akiwa mchanga, ila sasa mapafu yameshaharibika na muda umepita. "Mpe anachopenda kula," walimwambia Zamda. Hakuelewa mara moja walichomaanisha. Alikielewa akiwa njiani kurudi, ikabidi asimamishe pikipiki.

Wa tatu alikuwa nesi wa zahanati, Eliwaza. Kipaji chake kilikuwa mikono. Sindano yake iliupata mshipa kwa mara ya kwanza, uwe wa kichanga au wa kikongwe. Kilichomshinda Eliwaza kilikuwa maji. Kisima cha Chilonje kina madini yanayochafua meno hadi yawe ya kahawia na kupindisha miguu ya watoto. Kilichimbwa kisima kingine, kikatoa maji yaleyale. Kikachimbwa cha tatu, vilevile. Eliwaza alikuwa na daftari lenye majina ya watoto arobaini na mmoja ambao miguu yao ilikuwa imeanza kupinda, na kila mwaka aliongeza ukurasa.

Sasa mtu wa nne. Tumezoea kusikia habari za watakatifu waliokaa mapangoni na kula nzige. Huyu aliishi siku hizihizi zetu. Alikuwa na simu ndogo ya tochi na kadi ya kliniki ya presha. Jina lake Generosa, na kabla ya yote alikuwa mfuaji wa mashuka hospitalini.

Siku moja, miaka kumi na miwili kabla ya haya, alikwenda kubadilisha shuka la mgonjwa ambaye ndugu zake walikuwa wameshaanza kulia. Akamwonea huruma. Akamshika mguu akaomba, maneno machache tu, kama mtu anavyoagiza kitu dukani. Jioni mgonjwa akaomba uji. Generosa naye akalala siku tatu bila kuamka, na alipoamka sikio lake la kushoto lilikuwa halisikii tena.

Ndivyo ilivyokuwa tangu siku hiyo. Kila alipoomba jambo moja, alipewa. Na kila alipopewa, kitu chake kiliondoka. Meno, nywele, nguvu za goti, uwezo wa kuonja chumvi. Hayo aliyavumilia. Kitu kingine ndicho kilichomchosha: alianza kuwasikia watu. Akilala au akiwa macho, aliwasikia wenye shida wakimwita, wa karibu na wa mbali, mamia kwa mamia. Sikio lile lililokufa ndilo walilopitia.

Watu wakamiminika nyumbani kwake. Wakafunga vipaza sauti uani. Picha yake ikabandikwa kwenye chupa za maji. Wakamshonea nguo nyeupe na kumpangia ratiba. Hakuna aliyemuuliza amekula nini.

Mwishowe alijua, kama unavyojua maji yaliyobaki kwenye ndoo kwa kuinyanyua tu, kwamba limebaki ombi moja. Akawaambia watu anakwenda chooni. Akapitia mlango wa nyuma, akaingia porini na kandambili zake, akatembea siku mbili.

Ndahani alikuwa akikagua mizinga yake alipoona nyayo. Akachutama. Mwanamke, mtu mzima. Anaburuta mguu wa kulia. Hapa ameketi, hapa ameketi tena, mbele kidogo tu. Hana mzigo, kwa hiyo hana maji. Tena nyayo zinakwenda upande usio na kijiji hata kimoja. Mtu mwingine angezipita bila kuona chochote, maana upepo ulikuwa umeshafuta nusu yake. Ndahani aliacha asali aliyokuwa amerina, akazifuata kwa saa tatu chini ya jua. Alimkuta kichakani, midomo imepasuka, macho yamegeuka. Akamdondoshea maji kidogo mdomoni. Kumbeba hakuweza: mkono wake mmoja ulivunjika zamani alipoanguka kutoka kwenye mti wa mzinga, na haunyanyuki juu ya kiuno. Akapanda juu ya kichuguu kutafuta mtandao, akampigia Zamda.

Zamda alikuwa na abiria. Akamteremsha njiani, akamwomba radhi, akageuza. Alifika kwenye korongo la mchanga, pikipiki ikazama hadi kwenye mnyororo. Akaiacha palepale na ufunguo wake, akakimbia hadi alipokuwa Ndahani. Akamfunga yule mama mgongoni kwa khanga kama mtoto, akaanza kurudi. Kilomita tisa. Mwanzoni alikuwa akimsemesha, "Mama, shikilia, tumekaribia," ingawa hawakuwa wamekaribia. Baadaye akaacha kusema ili abaki na pumzi. Mwanamume wa kijijini aliyekutana naye njiani alijaribu kumpokea, akaenda hatua mia mbili akaketi. Zamda akamchukua tena. Alipofika zahanati hakuweza kunyoosha mgongo. Alimteremsha mgonjwa akiwa ameinama, akabaki ameinama.

Eliwaza alimgusa mgonjwa kiganja akajua muda ni mchache. Damu ilikuwa nzito, mishipa imelala yote. Chupa ya maji ya dripu ilikuwepo moja tu, na sindano nyembamba moja. Daktari alikuwa mbali, na gari la wagonjwa lilikuwa gereji. Alijaribu kwa vidole mkono wa kulia, hakuna kitu. Wa kushoto, hakuna. Shingoni, hakuna. Akafumba macho, akaacha vidole vitembee vyenyewe kwenye unyayo, na kando ya kisigino akahisi uzi mwembamba ukicheza. Akachoma mara moja. Damu ikarudi kwenye sindano. Kisha akaketi na kuhesabu matone, hakuondoka hata kwenda kunywa chai.

Asubuhi Generosa akafumbua macho. Akaomba uji.

Bila macho ya Ndahani, angekufa kichakani. Bila mgongo wa Zamda, angekufa huku Ndahani ameketi pembeni yake. Bila mikono ya Eliwaza, angekufa mlangoni pa zahanati. Hilo halina ubishi, wala wao hawakulibishia.

Eliwaza ndiye aliyemtambua, kwa ile picha ya kwenye chupa. Alisubiri amalize uji, kisha akauliza polepole.

"Mama, wewe si yule wa maombi?"

Generosa akatazama ukutani. "Nilikuwa nafua mashuka," akasema. Halafu, kwa kuwa hakuwahi kusema uongo, akaongeza, "Ndiye mimi. Limebaki moja."

Ndahani na Zamda walikuwa wamekuja kumjulia hali. Nje, mtu alikuwa akitwanga. Kila mmoja wa wale watatu alitazama sakafu, na kila mmoja alijua wenzake wanawaza nini.

Zamda ndiye aliyeanza. "Yusra ana miaka sita," akasema. "Sina maneno mengine."

"Mama Yusra," Ndahani akasema, "mwanao unamwona. Unamwogesha. Mimi wangu sijui kama nimlilie au nimsubiri. Ningekabidhiwa hata kaburi lake ningeshukuru."

"Baba Lameki, usiniambie hivyo. Usinilinganishie."

"Silinganishi, mwanangu. Nasema tu nilivyo."

Eliwaza akalileta daftari lake, lakini hakulifungua. "Mimi sina mtoto mgonjwa nyumbani," akasema. "Ndiyo maana nakosa hata ujasiri wa kusema. Lakini hapa mna majina arobaini na moja, na wengine hawajazaliwa. Maji yakitakata, wote watapona au hawataumia kabisa. Nani atawasemea kama si mimi?"

"Kwa hiyo Yusra ni mmoja tu?" Zamda akauliza. Sauti yake haikuwa ya hasira. Ilikuwa imechoka tu.

Eliwaza akalibana daftari kifuani.

"Mama," Ndahani akamgeukia Generosa, "haiwezekani ukayaweka yote matatu kwenye ombi moja?"

Generosa akatikisa kichwa. "Niliwahi. Wagonjwa wawili, ndugu, kitanda kimoja. Niliwaombea pamoja. Nilipoteza nguvu za goti, na hakupona hata mmoja. Sijawahi kumwambia mtu."

Ndipo Zamda, huyohuyo aliyekuwa wa kwanza kuomba, akamtazama yule mama vizuri: mikono ya mfuaji, iliyochunwa na sabuni, imelala juu ya blanketi kama si mali yake.

"Mama, ulikuwa unakwenda wapi kule porini? Kule hakuna kitu."

Generosa alikunja pindo la shuka, akalinyoosha, akalikunja tena.

"Nilikuwa natafuta mahali pasipo na mtu," akasema, "niombe la kwangu. Niombe nisiwasikie tena. Wananiita, wanangu, mchana na usiku. Huyu figo, huyu mimba, huyu mtoto yuko jela. Zamani nikisikia, nilikuwa na cha kuwapa. Ombi hili likiisha, sitakuwa na kitu, na nitaendelea kuwasikia. Hadi siku nitakayokufa nitawasikia wakiniita, na mimi nimekaa tu. Nilitaka nirudi kuwa mtu. Nilale. Nifue nguo zangu."

Akamtazama Zamda. "Hata wewe nilikusikia. Kabla hujanibeba. Nilikuwa nasikia mwanamke analia juu ya pikipiki iliyosimama. Sikujua ni wewe."

Zamda akaweka khanga mdomoni.

Ndahani akasimama, akaketi. Alikuwa mtu wa kusema machache, na aliyoyasema sasa yalimtoka kwa shida. "Kama ni hivyo, basi nimekukosea. Ulikuwa umeshafika ulipotaka, nikakufuata."

"Hukunikosea," Generosa akasema. "Sikuwa nimeomba bado. Nilianguka kabla. Ningekufa na ombi langu, lisimfae mtu yeyote. Uhai nilionao leo ni wenu ninyi watatu, sitajifanya sijui. Mtu akikupa uhai, unaweza kumwambia asante halafu ukageukia ukuta?"

"Unaweza," Eliwaza akasema. "Wagonjwa wangu hawanidai chochote, wala mimi siwadai."

"Lakini umeleta daftari."

"Nimeleta daftari," Eliwaza akakiri, na machozi yakamtoka.

Generosa aliomba maji ya kunawa. Wakamletea kwenye beseni, maji yaleyale ya kisima. Alinawa uso, akanawa mikono hadi kwenye viwiko, akafunga kitambaa chake kichwani upya. Akawaomba watoke wote watatu, wamfungie mlango. "Sitawaambia nimeomba nini," akasema. "Mtaona. Au hamtaona kitu, na hapo mtajua."

Wakatoka, wakaketi kwenye benchi la wagonjwa. Zamda katikati, mgongo bado haujanyooka. Yusra alikuja kutoka nyumbani, hatua tano, anapumzika, hatua tano, anapumzika, akapanda kwenye mapaja ya mama yake. Watoto wawili walipita na ndoo, miguu yao imetengana magotini kama upinde. Ndahani alitazama njia iendayo barabara kuu. Hakuna aliyemtazama mwenzake.

Ndani ya chumba, Generosa alifumba macho, akafungua midomo.

Hapo ndipo ninapoishia. Hadithi hii nimeisimulia kwenye foleni ya mashine ya kusaga, na mama mmoja akajibu kabla sijamaliza: mtoto, ni mtoto tu, mnauliza nini? Aliyekuwa nyuma yake akasema mtoto mmoja hawezi kuwazidi arobaini na mmoja, wakakosana mpaka unga wao ukachanganyika. Mzee mmoja msikitini aliniambia anayestahili ni aliyeanza, maana asiyeonekana habebwi wala hatibiwi. Na dada mmoja anayemuuguza mama yake mwaka wa saba akasema, "Mwacheni mama wa watu alale." Akainuka akaenda zake.

Mimi nimeshabadili mawazo mara nne. Sasa zamu ni yenu mlioketi hapa. Aliyemwona, aliyembeba, aliyemtibu, au yeye mwenyewe aliyechoka: ombi hili moja ungelitoa kwa nani, na wale wengine ungekwenda kuwaambia nini pale kwenye benchi?