Kibuyu cha Kogo Katika Milima ya Italia

"Pii! Pii! Pii!"

Kabla hajaona moshi wala moto, Kipchumba aliusikia mlio huo ukiteremka ngazi za jengo lao la ghorofa pale Lanham, Marekani, mkali kama msumari sikioni. Majirani walikwisha kuanza kufungua milango na kuchungulia. Kipchumba, ambaye ndiyo kwanza alikuwa ametoka kazini, alizipanda ngazi tatu tatu kama swala aliyeona simba, akausukuma mlango kwa bega, akajitosa ndani.

Jikoni, katikati ya wingu la moshi, mama yake mzazi alikuwa ameketi juu ya kigoda cha bafuni, kibuyu mapajani, kijinga cha moto mkononi. Alikuwa akikisugua kibuyu kwa ndani kwa kaa la mti wa senetwet, ambao alikuja nao kutoka Kapsabet, Kenya, ukiwa umefungwa ndani ya sweta. Mjukuu wake Abigail, msichana wa miaka kumi na miwili, alikuwa amesimama juu ya kiti akikipepea king'ora cha moshi kwa gazeti.

"Mama! Unataka tufukuzwe kwenye nyumba ya watu?"

"Nyumba gani hii inayolia ikiona moshi?" mama alijibu bila kuinua macho. "Kwetu nyumba isiyotoa moshi ndiyo huliliwa."

Kogo, ndivyo watoto wa Kikalenjin wamwitavyo bibi, na jengo zima lilimwita hivyo hivyo. Alikuwa na ulimi wenye makali. Kibuyu kile kilikuwa na kazi nzito. Binti yake kitinda mimba, Chelagat, alikuwa ameondoka nyumbani miaka minane iliyopita kwenda kujiunga na watawa. Kogo, aliyetamani kulea wajukuu kutoka kwa binti huyo, alikataa hata kumsindikiza hadi langoni. Tangu siku hiyo hapakuwa na simu wala salamu baina yao. Sasa habari zilikuwa zimefika kwamba Chelagat angeweka nadhiri zake za maisha katika nyumba ya watawa huko mashambani Italia. Kogo alitaka kwenda, lakini daktari wa magoti yake alimkataza kabisa kupanda ndege msimu huo. Akakata shauri kutuma msamaha kwa njia aliyoijua: mursik, maziwa ya mgando ya kibuyu, ambayo kwao hunyweshwa mtu aliyerudi na ushindi.

"Asipoyanywa kabla hajaweka nadhiri, atajua bado nimenuna," alisema. "Nami nikifa, nitakufa nimenuna."

Maziwa hayavuki uwanja wa ndege, kwa hiyo wangebeba kibuyu kitupu na mkaa wake, wapate maziwa huko huko, yagande njiani. Kogo alitoa maagizo kama jemadari. "Yachemsheni, yapozeni, ndipo myatie. Msiyatikise. Kila mnaposimama, fungueni kifuniko yapumue. Maziwa haya hayafiki kwa mbio, Kipchumba. Yanafika kwa kulala."

Kipchumba aliangua kicheko. Miguu yake ndiyo iliyomleta Marekani. Alikimbia mpaka akapewa nafasi ya chuo, na medali zake zilining'inia sebuleni kama mahindi ya mbegu. Sasa aliendesha basi dogo la hoteli kati ya Rockville na uwanja wa ndege, na alijigamba kwamba katika barabara kuu ya mzunguko hakuna gari lililowahi kumwonyesha mgongo kwa muda mrefu.

"Mama, mimi ni Kipchumba. Mimi hupitwa na ndege tu."

"Wahenga walisema kwenda mbio si kufika."

"Wahenga hawakuwa na gari," Kipchumba alijibu, na mkewe Jeptoo, aliyekuwa akifungua madirisha, akatikisa kichwa.

Julai ya mwaka 2007, siku ya Alhamisi, watu watatu na kibuyu kimoja walitua Roma. Walikodi gari jeupe lenye vitanda, jiko na kabati ndani yake, kwa kuwa Jeptoo, muuguzi wa nyumba ya wazee, alikuwa ameomba jambo moja tu: safari ambayo angelala na kula bila kutazama saa. Abigail alilitazama gari lile lililobeba nyumba mgongoni, akalibatiza jina: Konokono.

Jioni hiyo walipata maziwa kwenye shamba la mama mmoja wa Kiitaliano ambaye hawakuelewana naye neno hata moja. Jeptoo alionyesha ng'ombe, akaonyesha sufuria, akaonyesha kibuyu. Yule mama alikinusa kibuyu, akapiga chafya, akacheka, kisha akawajazia sufuria hadi ukingoni. Jeptoo aliyachemsha na kuyapoza, akayatia. Abigail alikilaza kibuyu kitini kando yake, akakifunga mkanda wa gari kama mtoto mchanga.

Mpango ulikuwa kusafiri taratibu na kufika Jumapili, siku yenyewe ya nadhiri. Lakini usiku ule damu ya Kipchumba ilichemka. Miaka minane hajamwona dada yake! Kulipopambazuka alitangaza kuwa wangefika Jumamosi asubuhi. Ziwa alilotaka kuliona Jeptoo likafutwa. Soko alilolitamani Abigail likafutwa. Konokono akaanza kupaa vilima huku vikombe vikigongana kabatini kama meno ya mgonjwa wa malaria.

"Baba Abigail, huku si Lanham," Jeptoo alimwambia. "Hakuna abiria anayekosa ndege."

"Barabara ni barabara, Mama Abigail."

Matone machache yalipomwagika kutoka kwenye kibuyu, Kipchumba alisimama kwa muda wa kukifunga tu. Alikizungushia kifuniko utepe wa gundi, duru juu ya duru, mpaka shingo ya kibuyu ikawa kama mguu uliotiwa bandeji.

Abigail, aliyesikia Kiswahili chote lakini alikijibu kwa Kiingereza siku zote, alimkumbusha kwamba Kogo alisema kibuyu kipumue.

"Kitapumua tukifika," baba yake alisema.

Jumamosi asubuhi, walipokuwa wamebakiza mwendo mfupi, walilikuta trekta mbele yao. Lilikuwa jekundu, limebeba majani makavu, likiendeshwa na mzee mnene mwenye kofia ya ukili. Lilikwenda kama harusi. Kipchumba alipiga honi mara ya kwanza, ya pili, kisha akaacha kuhesabu. Alipopata mwanya alilipita kwa kishindo, akaimba kwa sauti utenzi alioutunga papo hapo:

"Nipisheni, msigombe,
Barabara si ya ng'ombe!"

Yule mzee aliinua kofia yake, akamsalimu.

Mbele kidogo Kipchumba aliona njia nyembamba ya changarawe iliyoelekea moja kwa moja kwenye kilima cha watawa. Hakutazama ramani, wala hakuuliza. Alikata kona. Njia ikazidi kusinyaa, jua likazidi kuwaka, na gurudumu la mbele likaingia shimoni.

"Paa!"

Konokono aliinama, akatulia mtaroni. Ndani ya gari maziwa yalikuwa darini, kwenye mapazia, na ndani ya misuko ya Jeptoo. Joto na mtikisiko vilikuwa vimeyavimbisha maziwa tangu jana yake bila pa kutolea pumzi, na pigo lile likamaliza kazi. Kibuyu kilikuwa kimepasuka kutoka shingoni hadi kiunoni. Utepe wa gundi ulibaki umekikumbatia kifuniko, imara kabisa, haujalegea hata kidogo.

Kisha Abigail aliuliza polepole, kwa Kiswahili, "Baba, kimekufa?"

Neno hilo lilimchoma Kipchumba kuliko tusi. Aliketi ukingoni mwa mtaro, akajishika kichwa. Kibuyu kile Kogo alipewa na mama yake siku alipoolewa. Angemwambia nini? Na Chelagat je? Angeweka nadhiri ya maisha akiamini mama yake bado amempa kisogo. Machozi yalimdondoka yule bingwa wa mbio, na hakuyafuta.

Alikuwa bado ameinama aliposikia ngurumo ya pole pole. Trekta jekundu lilitokea kwenye kona. Yule mzee mwenye kofia aliwatazama, akalitazama gari, akateremka na mnyororo. Hakucheka, jambo ambalo lilimuumiza Kipchumba zaidi. Konokono alivutwa kutoka mtaroni, akafungwa nyuma ya majani makavu, na wote wakaongozana kwenda shambani kwa mzee kwa mwendo wa kobe.

"Barabara si ya ng'ombe, eti?" Jeptoo alisema, akichomoa bonge la mgando nyweleni. Kipchumba alitazama dirishani.

Shambani Jeptoo alimkabidhi simu. "Mpigie mama yako. Aliyekivunja ndiye akiseme."

Lanham kulikuwa kunapambazuka, na Kogo alipokea kabla mlio wa pili haujaisha. Kipchumba alieleza yote: utepe, trekta, shimo.

"Kitako kimebaki?" Kogo aliuliza.

"Kimebaki, Mama. Kama bakuli."

"Kuna kitu ndani?"

Kipchumba alichungulia. "Kidogo. Cha kulamba tu."

"Ndicho hicho. Hicho kidogo ndicho mama wa maziwa. Kiongeze maziwa mapya yaliyopoa, ukifunike kitambaa, ukiache kilale. Kesho kitaamka. Na wewe, Kipchumba..."

"Naam, Mama."

"Sitakutukana leo. Nitakusubiri uje unitazame machoni." Akakata simu.

Mke wa mwenye trekta aliwapa maziwa ya ng'ombe wake. Jeptoo aliyachemsha, akayaacha yapoe, akayamimina ndani ya kitako cha kibuyu, akakiegemeza kwa mataulo ndani ya sinki la Konokono. Kesho yake, mzee alipokwisha kulinyoosha gurudumu, waliondoka taratibu. Waliona mashamba ya alizeti yaliyogeuza nyuso kama umati wa watu kanisani. Walisimama kununua pichi kwa bibi mmoja kando ya njia, na Abigail akala mpaka juisi ikamfika viwikoni. Kila waliposimama alifunua kitambaa kidogo, akanusa. "Kinalala," alisema mara ya kwanza. Baadaye akasema, "Kinaamka!"

Nyumba ya watawa ilikuwa juu ya kijiji cha mawe, na magari hayakuruhusiwa kuvuka lango la chini. Misa ilikuwa saa kumi alasiri. Walipoteremka kengele zilikuwa zimeanza.

"Nipeni mimi," Kipchumba alisema.

"Wewe?" Jeptoo alimkazia macho.

"Mimi."

Alikishika kitako cha kibuyu kwa mikono miwili, kimejaa hadi karibu na mpasuko, akaanza kupanda ngazi za mawe. Kengele zilimwita, na miguu yake, iliyozoea kuitikia mlio wowote kwa kutimka, ilimwasha kama iliyopakwa pilipili. Angekimbia, angefika juu kabla kengele hazijanyamaza, na mikono mitupu. Akatembea. Vikongwe wawili wenye mikongojo walimpita. Mbwa alimpita. Abigail, aliyetangulia, aligeuka akamtazama baba yake akipitwa na kila kiumbe chenye pumzi, akatabasamu kwa fahari ambayo medali zote za sebuleni hazikuwahi kumletea.

Mlangoni mwa kanisa watawa walikuwa wamepanga mstari wa kuingia. Chelagat alikuwa wa mwisho. Alipomwona kaka yake macho yalimng'aa, lakini alipokiona kile alichobeba, mkono ulimwenda kinywani. Kiunoni mwa kibuyu kulikuwa na ushanga mwekundu ambao yeye mwenyewe akiwa mtoto alimsaidia mama yake kuushona.

"Kaka," alisema, "hiki ni cha Mama."

"Ni chake. Nilikivunja mimi. Lakini kilichomo ndani amekituma yeye."

Chelagat alipiga magoti pale pale juu ya mawe, akanywa. Wenzake walisimama kumngoja. Alipoinua uso, midomo yake ilikuwa ya kijivu kwa mkaa, na mashavu yameloa. Abigail akampigia Kogo, akamwekea Chelagat simu sikioni.

"Mama."

"Umekunywa?" sauti ya Kogo ilikwaruza kutoka Lanham.

"Nimekunywa."

"Mkaa umetosha?"

"Umetosha mpaka menoni, Mama."

"Basi cheka, wayaone." Kisha sauti ya Kogo ikawa laini kama siagi. "Nenda ukaape, mwanangu. Mimi nimemaliza kununa."

Chelagat aliingia kanisani na midomo yake ya kijivu, hakuifuta. Kipchumba alibaki nyuma kidogo na simu mkononi.

"Yuko wapi mpasua vibuyu?" Kogo aliuliza.

"Nipo, Mama."

"Umefika saa ngapi?"

"Wa mwisho kabisa. Hata mbwa amenitangulia."

Kogo alicheka, kicheko ambacho nyumba yao haikuwa imekisikia kwa miaka minane. Kipchumba alisimama wima mbele ya mlango wa kanisa, akasema kwa sauti ambayo mkewe na binti yake waliisikia kila neno:

"Mama, magoti yako yakipona, nitakuleta huku mwenyewe umwone Chelagat. Nitakuleta kwa Konokono, nitasimama kila utakaposema simama, na trekta likitokea mbele yetu nitalifuata nyuma mpaka lifike kwao. Nakuahidi, Mama, mbele ya mke wangu na mtoto wangu, kwa kuwa sasa nimejua: kwenda mbio si kufika."