Udongo wa Uani Kwao

Wanangu, acheni kwanza kunong'ona huko nyuma, mnisikilize. Walikuwapo ndugu wawili, wanawake, tumbo moja, ziwa moja. Mama yao alipofariki wakagombana palepale matangani, masufuria hata hayajaoshwa. Mdogo alisema neno moja tu: "Mama kafa na njaa nyumbani kwako."

Dada mtu akalimeza lile neno, likamkaa. Maana nani aliyekesha na mama akitema uji? Si yeye? Na huyu alikuwa wapi?

Wazee wakawaita. Kwao ndugu wakikosana wanasimama uani, pale vilipozikwa vitovu vyao. Kila mmoja anajaza maji mdomoni, wanayatema chini kwa pamoja, wanasema yaishe. Yakishatemwa yamekwisha, hakuna wa kuyafukua. Mdogo akakubali. Dada mtu akasema, "Haraka ya nini? Ua haliendi kokote."

Haliendi kokote! Ukoo ukauza kiwanja, wakaja watu wa ghorofa. Likaletwa katapila, likachimba msingi, na ua lote likapakiwa kwenye malori. Dada mtu alipopita akakuta shimo. Mnadhani alilia? Kimoyomoyo alishusha pumzi: basi, pa kusimama hapapo tena.

Lakini mdogo aliwauliza madereva mpaka akajua. Ule udongo ulimwagwa bondeni, mji unatengeneza bustani. Wakaufanya vilima, wakapanda nyasi na maua, maharusi wanakwenda kupigia picha. Akamfuata dada yake.

"Dada, ua letu nimeliona. Twende tukamalize. Mimi siku hizi kifua kinanibana."

Wakaenda. Dada mtu akamwuliza mtu wa bustani, "Baba, udongo wa kwetu ni upi hapa?"

Yule akacheka. "Mama, huu ni wa mji mzima. Wa kwenu umo, wa sokoni umo, wa kule walikochimba hoteli umo. Nani ataupembua?"

"Wetu umo, dada, hata kama ni wa kiganja kimoja," mdogo akasema. "Njoo." Akafungua chupa, akajaza maji mdomoni, mashavu yakamvimba, akamnyooshea mwenzake chupa.

Dada mtu hakuipokea. "Nimsamehe mtu juu ya vitovu vya watu? Siku ukiupata wa kwetu mtupu, uniite."

Akashika njia. Na nyuma yake kimya. Mdogo angeitaje, na maji yako mdomoni? Alisimama pale kilimani hajayatema, akingoja mwenzake ageuke.

Hakugeuka. Na masika hayajaisha, kile kifua kikamchukua mdogo.

Makaburini jeneza likashushwa, wakaitwa ndugu. Dada mtu akasogea, akainama, akachota udongo, akatupa. Udongo wa makaburini, wanangu! Umefukuliwa mara ngapi ule, ukafukiwa juu ya watu wangapi? Vitovu vya nani vimo mle? Hakumwuliza mtu. Alitupa, akasema, "Yaishe, mdogo wangu." Kisha akatega sikio.

Nani alikuwa wa kumjibu?

Sasa sisi tuliokaa hapa tusijifanye tunasikiliza habari za wengine. Mmo humu. Mmoja anasema atasamehe wakikutana nyumbani Krismasi. Mwingine mpaka mjomba awepo. Mwingine mpaka yule aje kwanza, na aje kwa magoti. Nawauliza: tunatafuta mahali pa kusameheana, au tunatafuta kisa cha kutosamehe?

Mji umezoa udongo wa kila shimo, mwingine unanuka, ukaupanda majani, na watoto wa watu wanabingirika juu yake. Mji hauna moyo, wala haujawahi kupiga magoti kuomba. Sisi tunaoomba kila siku ndio tunaochagua udongo. Tukifukua neno la mwaka juzi tunaliacha lundo mlangoni, tunaliruka tukienda kanisani.

Ndugu yako bado anapumua? Basi hapohapo alipo panatosha, hata ni jikoni, hata ni kituo cha basi. Kama amekaa benchi hilo la pili, nenda ukamkalie karibu. Kama yuko mbali, ondoka. Usiningoje mimi nimalize.