Mkate Uliokunywa Maziwa Msibani

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakijenga nyumba na kuzikana kwa heshima, msiba uliingia kwa Nguchiro. Tulieni basi! Na wewe unayetafuna muwa huko nyuma, tafuna polepole. Hadithi hii wanaibabaisha wengi. Anayeijua sawasawa ni mimi.

Mama Nguchiro alikufa masika. Mvua ilinyesha mpaka kaburi likajaa maji kabla mwenyewe hajalazwa. Akaacha watoto wawili: Nguchiro, mdogo kama ngumi lakini kichwa chepesi, na dada yake Sikitu, mdogo kuliko yeye, aliyekuwa hapati usingizi bila kujifunika nguo ya mama yake.

Mkeka wa msiba ukatandikwa. Sasa sikilizeni desturi ya kule, maana asiyeisikia ataniuliza maswali ya kijinga baadaye. Nyumba yenye msiba haiwashi moto. Majirani ndio wanaopika na kuleta. Moto wa kwanza wa wafiwa ni wa chai ya saa nne, chai ya kuanulia tanga. Waombolezaji wakishakula wanasema kwa vinywa vyao wenyewe: "Tumelia, tumeshiba, anueni." Aliyeyasema hayo anaondoka, na kurudi hakuna. Asiyeyasema, hata awe mzigo kiasi gani, humfukuzi.

Majirani wengine hawakungoja hata hiyo chai. Waliwaonea huruma watoto, wakasema maneno yao, wakaenda. Wakabaki wawili: Kiboko na Fisi.

"Uuuwiii! Mama Nguchiro, umetuacha na nani!" Fisi analia. Kisha anafuta machozi. "Hicho kilichofunikwa ni nini?"

"Maharage," anajibu Kiboko.

"Yana nyama?"

"Bwana Fisi! Msibani unaulizia nyama?"

"Nauliza tu, mzee mwenzangu. Uuuwiii!"

Kikija chungu cha maharage, Kiboko anafungua kinywa, pwaa! Kimekwisha. Likija bakuli la uji la Sikitu, chubwi! Limekwisha. Nguchiro akiwaangalia, Kiboko anamwambia, "Usinitazame hivyo, mwanangu. Huzuni yangu inakaa tumboni. Pikeni chai ya kuanulia, tushibe, tuseme, tuondoke."

Alijua hawana cha kupika. Alijua pia kwamba nyumba ile ilikuwa kavu, na nje mvua haina huruma.

Siku zikaenda. Sikitu akawa mwepesi. Ukimbeba unadhani umebeba nguo. Jioni moja akasema, "Kaka, sisikii njaa tena."

Nguchiro akafurahi. Akakimbia kwa jirani yao, Mama Kwale, akamwambia.

Mama Kwale hakufurahi. Aliweka chini ufagio. "Mtoto akiacha kusikia njaa, mwanangu, huyo ameshaanza kuondoka. Asipokula kesho, tutachimba tena."

Nguchiro akasimama pale, mvua inamtiririka puani.

Mama Kwale akaingia ndani, akatoka na kikapu. "Chukua mayai haya, na samli, sukari na viungo kidogo humo chini. Usiniangalie, hayana mtu ndani. Baba yao alichukuliwa na mwewe. Na upite kwa Mama Swala. Mtoto wake alisombwa na mto, maziwa bado yanamuuma kifuani. Atakupa."

Mama Swala akampa maziwa kibuyu kizima. Hakuuliza ya nini.

Nyumbani, chini ya kitanda cha mama yao, Nguchiro alikuwa ameficha mikate ya siku ya mazishi. Imekauka mpaka jino la Sikitu haliingii! Ukiigonga inalia ko! ko! kama mlango. Lakini mama yao alikuwa na maneno yake juu ya mkate wa namna hiyo. Alikuwa akisema, "Mkate mkavu usiutupe. Usiku unakunywa, asubuhi unapumua." Na alikuwa akiupika hivyo kila baada ya sikukuu.

Basi Nguchiro akachukua sufuria kubwa, akaipaka samli. Akakata mkate vipande, akavipanga kimoja juu ya kingine mpaka karibu na ukingo. Akapasua mayai, kop! kop! Akayapiga na sukari, akatia iliki na mdalasini, akamimina maziwa. Akavimwagia vile vipande. Maziwa yakajaa, vipande vikabaki vinaelea kama mitumbwi iliyoachwa.

Iliki ni mmbea. Haijui kukaa kimya. Ghafla mlangoni pakatokea pua.

"Nini hicho?"

"Shikamoo, Bwana Fisi."

"Marahaba. Nimeuliza, nini hicho?"

"Chai ya saa nne ya kesho. Ya kuanulia tanga."

Dum! Dum! Dum! Kiboko naye huyo. "Kesho? Tumbo langu halimjui kesho ni nani. Lete hapa!"

Sufuria ile ikiliwa sasa hivi, Sikitu hana kesho. Nguchiro akainamisha kichwa kama mtu aliyeshindwa.

"Kuleni, wazee wangu. Mimi nani wa kuwakatalia? Ila maziwa haya si yangu. Mama aliyaagiza kabla hajafa. Usiku huu anakuja kunywa, mara ya mwisho. Akikuta yamenywewa, atamfuata aliyeyanywa, ayadai humo humo tumboni."

Kinywa cha Fisi kikajifunga, pap!

Kiboko akacheka. "Ho! Ho! Ho! Maiti anywe maziwa! Kijana, hata uongo unahitaji shibe."

"Sawa, mzee. Funika mwenyewe. Weka jiwe la kusagia juu yake, lile nisiloweza kulisogeza. Asubuhi maziwa yakiwepo, kuleni yote, na nyumba ichukueni. Mimi na mdogo wangu tutatoka na mvua hii hii."

"Na yasipokuwepo?" akauliza Fisi kwa sauti ndogo.

"Yasipokuwepo mtajua amekuja. Kukaa naye au kuondoka, hiyo shauri yenu."

Kiboko akaiangalia dari. Kavu. Akaziangalia kuta. Kavu. "Nimekubali," akasema. Akafunika sufuria kwa bati, akanyanyua jiwe la kusagia, puu! Kisha akajilaza upande huu, Fisi upande ule, kila mmoja akimlinda mwenzake asiguse.

Naona kuna mjanja hapo anakunja uso. Unataka kuniuliza: wazee wazima, hawajui kwamba mkate mkavu unanyonya maziwa? Watajuaje, wewe! Tangu wazaliwe hawajawahi kuacha chakula kilale. Kwao chakula kina jioni tu. Asubuhi yake hawajawahi kuiona.

Nguchiro akaenda chumbani. Sikitu alikuwa macho gizani.

"Kaka. Nimesikia. Mama anakuja?"

Nyuma ya mlango, Fisi alikuwa ameacha kukoroma. Sikio lake, nyote mnalijua, ni refu kuliko haya.

"Kaka? Anakuja kweli?"

"Anakuja," akasema Nguchiro. "Lala."

Sikitu akatabasamu, mara ya kwanza tangu mazishi. Akalala.

Kulipokucha, mvua bado inanyesha. Kiboko akalisogeza jiwe. Lilikuwa pale pale alipoliweka. Akafunua bati.

Tii!

Maziwa hayapo. Hata tone. Na ule mkate uliokuwa mkavu kama gome umevimba, umenona, umelala umeshiba kama aliyeopolewa mtoni.

"Umekunywa wewe!" Kiboko akanguruma.

"Mimi? Jiwe umeliweka wewe!"

"Basi nani?"

Wakatazamana. Jibu walikuwa nalo, lakini hakuna aliyetaka litoke kinywani mwake.

"Sijui, wazee wangu, nilikuwa nimelala," akasema Nguchiro. "Labda amekunywa akaenda. Labda amekunywa akajilaza humo humo. Ngojeni nipike, ndiyo desturi."

"Mi-mimi sina njaa sana," akasema Fisi.

"Kaa chini!" Kiboko akamkemea. "Nitakula kwanza, ndipo nijue kama nitasema yale maneno."

Nguchiro akawasha moto, wa kwanza katika nyumba ile tangu kifo. Makaa machache chini, mengi juu ya bati, kama mama yake alivyofanya. Akakaa kando, akakumbatia magoti.

Kimya. Mvua tu. Kisha kutoka ndani ya sufuria: chiiii...

"Nini hiyo?" akauliza Fisi.

"Anavuta pumzi," akasema Nguchiro.

Chiiii... pfuu!

Mkate ukaanza kuumuka. Ulikuwa umefika karibu na ukingo tangu jana. Sasa hauna pa kwenda ila juu. Bati likatikisika. Kaa moja likateleza, kacha! Bati likanyanyuka upande mmoja, taratibu, kama mtu anayeinua shuka kutoka usoni. Mvuke ukatoka.

Nguchiro akaruka, akapiga kelele, "Mama! Usiamke, mama! Wageni bado wapo!"

"Tumeliatumeshibaanueni!" Fisi alisema yote kwa pumzi moja, na alipomaliza tayari alikuwa ng'ambo ya bonde. Uuuwiii ya safari hii ilikuwa ya kweli.

Kiboko akabaki amegandamana na ukuta. "Mwambie alale!"

"Mimi hanisikii, mzee. Anamsikia aliyekula chakula cha wanawe."

Bati likanyanyuka tena. Kacha! Kacha! Makaa yakaporomoka.

"Mama Nguchiro!" Kiboko akalia, na machozi yakamtoka, makubwa kama mayai ya kwale. "Nilikula! Uji wa mtoto nilikula mimi! Tumelia! Tume... tumeshiba! Anueni! Anueni!"

Akatoka na fremu ya mlango shingoni. Dum-dum-dum-dum, chubwii! Mtoni.

Maneno yamesemwa. Kurudi hakuna.

Nguchiro akacheka mpaka akakaa chini. Akaukunja mkeka wa msiba, akausimamisha pembeni. Akaipua sufuria, akafunua. Loo! Juu umekauka rangi ya asali, sukari imeungua kidogo pembeni, ndani laini unatikisika. Nyumba nzima ikanukia kama zamani, mama yao alipokuwa hai.

"Sikitu! Sikitu, njoo ule!"

Sikitu akatoka chumbani. Alikuwa amenawa uso. Alikuwa amechana nywele na kuvaa gauni lake la sikukuu, linamning'inia. Mikononi ameshika sahani tatu.

Akazipanga chini. Moja, ya pili, ya tatu. Akaangalia mlango uliovunjika. Akaangalia pembeni.

"Mama yuko wapi?"

Kicheko cha Nguchiro kikakatika.

"Nimekusikia ukiongea naye," akasema Sikitu. "Ulimwambia asiamke. Kaka, kwa nini ulimwambia asiamke?"

Kiboko alikuwa amenaswa. Fisi alikuwa amenaswa. Na huyu, mdogo kuliko wote, Nguchiro hakuwa amemtegea, naye amenaswa.

"Mama hakuja, Sikitu."

"Maziwa je?"

"Mkate ndio ulikunywa. Mkate mkavu hunywa usiku. Mama mwenyewe alinifundisha."

"Na aliyeinua bati?"

"Mkate."

Sikitu akaenda pembeni, akauchukua ule mkeka uliokunjwa. Ulikuwa mzito kwake. Akauburuta, akautandika tena pale pale ulipokuwa, akakaa juu yake.

Nguchiro hakumzuia. Akamega kipande, akakipuliza, akamwekea sahanini. Sikitu hakukigusa. Nguchiro akangoja. Mvua ikanyesha. Mvuke wa kile kipande ukapungua, ukapungua, ukaisha.

Ndipo mkono mdogo ukanyooka. Akala kidogo. Akala tena. Alikula huku analia, machozi yanadondokea mkate na mkate unayanywa. Alipomaliza akasukuma sahani, akataka kipande kingine.

Nguchiro akampa. Akajikatia na chake. Na katika sahani ya tatu akaweka kipande cha pembeni, kile kilichoungua sukari, alichokuwa akikipenda mama yao, na hakuna aliyekigusa.

Walikaa mkekani mpaka sufuria ikapoa. Maneno ya kuanulia Sikitu hakuyasema, wala kaka yake hakumwomba ayaseme.

Haya, mnaofuta macho mkisingizia moshi, nimewaona. Yangu yameishia mkekani pale, na yenu mbebe hili: uongo ni mtego usio na macho, kabla hujautega mlangoni, tazama nani amelala ndani.