Darasa la Waliozoea Kuwa wa Kwanza

Majani ya miti yalikuwa yameanza kugeuka mekundu siku Britta Halvorson alipohamia katika nyumba ya Programu ya Wanafunzi Bora, kwenye chuo kikuu kimoja cha huku kwetu Minnesota. Baba yake alibeba sanduku, mama yake akabeba mablanketi, na Britta mwenyewe akabeba furaha, maana mzigo huo hakuna aliyeweza kumpokea. Alikuwa binti wa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa. Katika shule ya mji wao mdogo alishika nafasi ya kwanza mwaka hadi mwaka, na habari za kuchaguliwa kwake zilipofika, akina mama wa kanisani walimpikia mpaka mlango wa friji ukagoma kufungwa.

Programu yenyewe aliipenda tangu siku ya kwanza. Madarasa yalikuwa madogo, walimu walimjua kila mtu kwa jina, na wanafunzi wote waliishi nyumba moja, wakibishana mezani asubuhi hadi uji unapoa. Sharti lilikuwa moja tu: alama zisishuke. Zikishuka, mtu hurudishwa kwenye madarasa ya kawaida, na chumba chake hupewa mwingine.

Kizungumkuti kilikuwa somo la hisabati. Darasani walikuwa kumi na wawili, na kila mmoja alikotoka alikuwa wa kwanza. Ukiwatia majogoo kumi na wawili katika banda moja ungetarajia kelele, lakini hawa walitulia tuli kama maji mtungini. Mwalimu wao, Profesa Rifkin, alikuwa mwanamke mfupi mwenye maneno ya haraka, mzaliwa wa Brooklyn, mjini kule mbali mashariki, na huu ulikuwa mwaka wake wa pili huku kwetu. Aliandika ubao mzima, akageuka, akauliza, "Kuna swali?" Kimya. "Vizuri," akasema, akafuta ubao na kuendelea.

Hapa sina budi kuwasema watu wangu. Kwetu, mgeni akikaribishwa kahawa hukataa. Akikaribishwa tena hukataa tena, ila kwa sauti ya chini kidogo. Mara ya tatu ndipo husema, "Haya basi, kama haikusumbui." Anayepokea mara ya kwanza huonekana hakulelewa. Kwa Profesa Rifkin, aliyekataa kahawa ni mtu asiyetaka kahawa.

Basi kila siku profesa aliuliza mara moja, na kila siku wanafunzi kumi na wawili walitikisa vichwa kwa adabu. Aliyetikisa kuliko wote alikuwa Gunnar Lindquist, kijana mrefu wa safu ya mbele. Kila Gunnar alipotikisa kichwa, Britta alijiona mjinga zaidi. "Huyu ameelewa," alijiambia. "Wote wameelewa. Mimi hapa niliingia kwa bahati."

Jioni moja alimtazama Kalia Xiong, mwenzake wa chumba, msichana mcheshi wa mji wa Saint Paul ambaye walisoma naye somo hilo.

"Kalia, ya leo umeyaelewa?"

"Kiasi. Wewe je?"

"Kiasi."

Wakarudi kwenye vitabu vyao, kila mmoja akimwonea mwenzake wivu.

Mtihani wa kwanza ukaja, na Britta akaanguka kifudifudi. Mshauri wake, Bwana Toivonen, alimwita akamwambia kwa upole, "Binti, mtihani wa pili ukienda hivi, tutalazimika kukutoa kwenye programu. Mimi mwenyewe sitaki." Baba yake alipopiga simu kuuliza masomo yanaendaje, Britta alijibu, "Si mabaya." Kwetu, "si mabaya" yaweza kuwa arusi na yaweza kuwa nyumba imeungua, kwa hiyo mzee hakushtuka. Britta alikata simu akalia. Aliipenda nyumba ile, aliupenda ubishi wa asubuhi, na sasa alikuwa anaviaga moyoni.

Kesho yake darasani, profesa alijaza ubao, akageuka. "Kuna swali?"

Vichwa vikaanza kutikisika. Britta aliona mkono umeinuka, akatambua kwamba ni wake. Mashavu yalimwaka moto.

"Samahani, Profesa. Hiyo alama inayofanana na tatu iliyogeuzwa."

"Epsiloni."

"Ndiyo. Ni kitu gani hasa?"

Profesa akashusha chaki. "Hujaielewa tangu lini?"

"Tangu Septemba."

Hapakuwa na aliyecheka. Kisha Kalia akasema, "Na mimi." Nyuma yake mwingine akasema, "Mimi pia." Gunnar akageuka na kiti chake chote. "Jamani, mimi nilikuwa natikisa kichwa kwa sababu nyinyi mnatikisa."

"Sisi tulikuwa tunakufuata wewe, bwana mkubwa!" Kalia akamjibu, na darasa zima likaangua kicheko, kicheko cha watu waliotua mizigo.

Profesa Rifkin aliketi juu ya meza. "Lakini si nawauliza kila siku?"

"Unauliza mara moja, Profesa," alisema Kalia, akamweleza habari ya kahawa. Profesa alicheka mpaka akavua miwani kufuta machozi. Kisha akafuta ubao wote.

"Tuanze upya. Britta, kwenu mnapoza maziwa?"

"Ndiyo, kwenye tangi."

"Mnunuzi anayataka yawe na nyuzijoto nne. Atakubali yapungue au yazidi kidogo?"

"Kidogo sana."

"Hicho kidogo anachokikubali mnunuzi ndicho epsiloni. Sasa wewe, ili umridhishe, unapogeuza kitufe cha ubaridi wa tangi unaruhusiwa kukosea kwa kiasi gani? Hicho ndicho delta, ile alama inayoandamana nayo. Akizidi kubana yeye, nawe unabana. Kama kila anavyobana unaweza kumridhisha, umeshinda."

Britta alitazama ubao, na ile tatu iliyogeuzwa ikaacha kumtisha. "Kumbe ni hivyo tu?" alisema kwa furaha.

Tangu siku hiyo maswali yalimiminika kama mvua, hata profesa akalalamika kwamba hamalizi somo, ingawa alilalamika akitabasamu. Mtihani wa pili Britta aliupasua vizuri, na Bwana Toivonen akamwambia chumba ni chake.

Siku ya mwisho kabla ya Krismasi, Profesa Rifkin aliwahesabu wanafunzi wake.

"Mwaka jana nilianza na kumi na wawili pia," alisema. "Wakati kama huu watano walikuwa wameshaondoka. Waliaga kwa adabu, wakasema somo ni zuri. Nikadhani hawakuliweza." Akamtazama Britta. "Kumbe hawakuwa na mtu wa kuinua mkono."

Darasa lilikuwa limejaa, hakuna kiti kilichobaki wazi. Kuuliza si ujinga.