Mzinga wa Tapsabei

Sogeeni, wasikilizaji. Jumanne, saa tatu na robo asubuhi, Tapsabei wa ukoo wa warina asali alifungua duka. Zimwi likamletea mzinga usiokauka. “Utatajirika,” likasema, “ila usimwonjeshe ndugu yeyote.”

Kwao asali ya kwanza huonjwa na ukoo, ndipo iuzwe.

Bibi akaja: “Mjukuu wangu, nionjeshe.” Akamnyima, bibi akawa bubu. Mjomba akaja: “Duka limekuotesha pembe?” Akamnyima, naye akawa bubu. Mama akaja: “Hata mimi niliyekuzaa?” Akamnyima.

Jioni mzinga ukavuma kwa sauti zao tatu.

Kesho yake asubuhi Tapsabei aliupasua kwa shoka, akawalisha wote watatu asali kwa kidole chake. Wakameza, wakamtazama.

“Basi nitukaneni,” akawaomba.

Hakuna aliyeweza; sauti zao zilikuwa zimepotea pamoja na mzinga.