Swali la Mama Tupoki

Ndugu zangu, kaeni vizuri. Akina mama wenye watoto wachanga msihangaike kutoka nje, wakilia waacheni walie, tutasikilizana. Leo nataka kuwasimulia habari za mtu mmoja ambaye nusura wenzake wamzike huku bado wanamshukuru kwa ukarimu wake.

Kulikuwa na seremala mmoja huko milimani kwenye mashamba ya chai, mahali ambapo mvua ikianza watu wanasahau jua linafananaje. Tumwite Ambakisye. Nusu ya milango ya kijiji kile aliitengeneza yeye, na Jumapili ndiye aliyesimama mbele ya kwaya, ndiyo maana watu walimwita Mwalimu. Watu wa besi walimjua kwa ukali wake wa kuchekesha. "Nyie mnaimba au mnanguruma?" Kanisa zima linacheka, na wao wanaimba vizuri. Alikuwa mtu wa namna hiyo.

Mwaka mmoja kuna kitu kikamwingia. Nasema kitu, kwa sababu mwenyewe hakujua akiite nini. Hakufiwa. Hakugombana na mkewe. Watoto walikuwa shuleni, kazi ilikuwepo. Lakini asubuhi, kabla hata hajafungua macho, alikuwa ameshachoka. Chakula hakikuwa na ladha. Alishika randa akaitazama tu, na ubao ukabaki vilevile mpaka saa sita mchana. Kwenye mazoezi ya kwaya alisikia sauti zote nne, hakuna aliyekosea, lakini hazikumgusa, kana kwamba wanaimba nyumba ya pili.

Kisha wazo likaanza kumjia. Wewe ni mzigo. Mkeo anakuvumilia tu. Usipokuwepo, watu hawa watapumua. Na wazo lile, ndugu zangu, halikuja kwa kelele. Lilikuja kwa sauti yake mwenyewe, taratibu, kama mtu anayempa ushauri mzuri. Ndiyo maana aliliamini.

Msidhani hakujaribu kusema. Jumapili moja baada ya ibada alimfuata mzee wa kanisa pale mlangoni.

"Mzee, mimi nimechoka. Nimechoka kabisa."

"Nani hajachoka, Mwalimu?" mzee akamjibu, akimpigapiga begani. "Zidisha maombi." Akaingia ofisini, kwenye kikao.

Siku nyingine akamwambia rafiki yake, seremala mwenzake, kwamba haoni maana ya kuishi. Rafiki akacheka. "Wewe? Mwenye mke, watoto, na nyumba ya bati? Sasa sisi wengine tusemeje?" Ambakisye naye akacheka. Alicheka vizuri tu. Lakini siku ile alirudi nyumbani na mizigo miwili: ule wa kwanza, na juu yake aibu ya kuonekana hana shukrani.

Siku chache baadaye watu wakaona amechangamka. Amenyoa ndevu, anasalimia. Mkewe akamshukuru Mungu. Hakujua kwamba mumewe ametulia kwa sababu ameshaamua. Akaanza kugawa vitu. Msumeno wake mzuri akampa yule rafiki. Buku la nota, aliloliandika kwa mkono miaka kumi na moja, akampa mama mmoja wa sauti ya kwanza, akamwambia, "Litunze, nyie mtaendelea." Yule mama akalipokea kwa mikono miwili, akaenda kuwaonyesha wenzake.

Nani alishtuka? Niambieni. Tungekuwa sisi, nani angeshtuka? Tungesema, jamani, Mwalimu ana moyo.

Jumamosi baada ya chakula cha mchana, Ambakisye akabeba kigoda kipya mpaka kwa Mama Tupoki. Huyu alikuwa mjane, anakaanga vitumbua kando ya barabara ya shule. Mumewe alikuwa amejiua miaka sita nyuma. Tangu siku hiyo wapo walionunua vitumbua vyake bila kumtazama usoni.

"Nimekuletea kiti, Mama Tupoki. Naona unakalia ndoo kila siku."

Mama Tupoki akakitazama kile kigoda, kisha akamtazama yeye. Hakukipokea.

"Nimesikia umetoa msumeno," akasema. "Na buku la nota umetoa."

"Vitu tu, mama."

"Wiki ile ya mwisho mume wangu alimpa kaka yake baiskeli. Mimi nikamsifu." Akateremsha kikaango, mafuta yasije yakaungua. "Mwalimu, nitakuuliza jambo, na ukikasirika, kasirika. Unafikiria kujiua?"

Ndugu zangu, neno lile kijijini halikuwa likitamkwa. Watu walisema "ajali", walisema "mambo yale". Yeye alilitaja lenyewe, mchana kweupe.

"Hapana," akasema Ambakisye.

Mama Tupoki hakubishana naye. Mteja akaja kununua, akamwambia, "Leo nimefunga, baba, nenda tu." Akarudi kuketi kwenye ndoo yake, akasubiri. Wakakaa hivyo mpaka yule seremala akakiweka kigoda chini.

"Ndiyo," akasema.

"Lini?"

"Leo."

Mama Tupoki hakupiga kelele. Hakumwambia ni dhambi, wala hakumuuliza watoto wake atamwachia nani. Baadaye mwenyewe alikiri kwamba aliogopa sana, lakini sauti yake ilikuwa ileile ya kuuzia vitumbua. "Basi leo tutakuwa wote. Kile ulichokiandaa kiko wapi?"

Akamwambia kilipo. Mama Tupoki akampigia simu mke wa Ambakisye, akamweleza bila kuzunguka, akamwambia kwanza amtume shemeji yake akakiondoe kitu kile nyumbani, kisha yeye aje mbio. Mke akafika na khanga imefungwa ovyo, kiatu mguu mmoja. Alipomwona mumewe akamkimbilia. Akamshika mkono tu. Ambakisye akalia, kilio cha mtu mzima ambaye hajalia tangu utoto wake, na wapita njia wakageuza shingo, na Mama Tupoki akasimama mbele yake, akamkinga kwa upana wa mwili wake.

Jioni ileile wakampeleka hospitali ya wilaya, kwa gari la jirani. Wale wanawake wawili hawakumwacha hata dakika moja. Huko Ambakisye akamkuta muuguzi mmoja aliyemsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia, "Mwalimu, huu ni ugonjwa, unaitwa sonona. Hukuutafuta, na hauna uhusiano na shukrani wala imani. Una dawa, na una mazungumzo. Lakini dawa huchukua wiki kadhaa. Kwa sasa usikae peke yako."

Sitawadanganya kwamba alipona kesho yake. Wiki ya pili wazo lilirudi, kali kuliko mwanzo. Tofauti ni kwamba safari hii alilisema. Alimwambia mkewe wakiwa shambani, "Limekuja tena," mkewe akaweka jembe chini, wakaenda pamoja kwa muuguzi. Kaka yake akahamia pale kwa mwezi mzima, akisingizia anapaka rangi nyumba. Siku mbaya zikawa nyingi, kisha chache. Baada ya miezi mitano hivi alikula ugali na samaki akagundua kwamba samaki ana chumvi nyingi, akalalamika. Mkewe akatoka nje kwenda kulia kwa furaha.

Alipopata nguvu, akaenda kwa Mama Tupoki. Alikuwa na neno lililomkaa rohoni.

"Mama, siku ya mazishi ya baba Tupoki..."

"Naikumbuka."

"Kwaya ilikuwa imeshafika njia panda. Mimi ndiye niliyewarudisha. Nilisema hatumwimbii mtu aliyejiua."

Ndiyo, ndugu zangu. Huyu huyu. Alisimama njia panda na sare yake nzuri, akaigeuza kwaya, na mama yule akaenda kaburini na watu saba.

"Najua ni wewe," akasema Mama Tupoki. "Nilikuona. Nikaimba mwenyewe. Ubeti wa pili ulinishinda."

"Sasa kwa nini ulinisaidia?"

Mama Tupoki akamtazama kama mtu aliyeulizwa swali la ajabu. "Sikutaka mke wako aimbe peke yake," akasema.

Sasa tuzungumze sisi kwa sisi.

Huenda mnamlaumu yule mzee wa kanisa. Msimlaumu, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na kikao. Mimi wiki hii nina vikao vinne. Ni wangapi wameniambia "Mchungaji, nimechoka" pale mlangoni, nami nikawapigapiga begani? Sijui. Hilo ndilo linaloninyima amani, kwamba sijui.

Tunaogopa kuuliza, tunadhani tukilitaja neno tutampandikizia mtu wazo. Wazo Ambakisye alikuwa nalo tayari. Alichokosa ni mtu wa kulishika pamoja naye. Basi tuulize. Akisema ndiyo, tusimhubirie, tusimwache, tumpeleke kwa wanaojua kutibu. Maombi yetu yapande gari pamoja naye mpaka hospitali.

Na ninyi ambao nyumba zenu zimepita huko, mliozika huku majirani wamesimama njia panda: tulikosea. Nasema kwa niaba yetu sote, tulikosea.

Lakini najua yupo mwingine hapa. Umevaa vizuri, umeimba pamoja nasi, umenisikiliza muda wote huu, na moyoni umekuja kutuaga. Sikuoni, lakini nazungumza na wewe. Ile sauti inayokuambia tutapumua usipokuwepo inakudanganya. Hatutapumua.

Leo sitasimama mlangoni kuwapa watu mikono. Nitakaa hapa kwenye benchi la mbele, na mama mchungaji atakuwa pembeni yangu. Kikao cha saa sita nimekifuta. Wengine tokeni taratibu, bila kugeuka kutazama nani amebaki. Wewe njoo ukae. Huna haja ya kujua pa kuanzia.