Mkono wa Mama Chini ya Blanketi

Leo sitawabembeleza. Kulikuwa na mama mmoja mgonjwa, amerudishwa nyumbani baada ya madaktari kusema sasa ni kumtuliza maumivu tu. Kila Jumatano muuguzi alimtembelea. Jumatano moja akakuta chumba kimejaa: mwana mkubwa wa yule mama, ambaye ni mzee wa kanisa, pamoja na wanajumuiya kumi na vitabu vyao vya nyimbo, wanaimba.

"Shikamoo mama," muuguzi akasema. "Maumivu nimeshayapima. Leo nataka kupima na moyo. Kama huna hofu wala huzuni, funga ngumi. Kadiri moyo unavyolemewa, nyoosha vidole. Ukilemewa kabisa, vyote vitano."

"Hajambo huyu," mwana akadakia. "Mama yetu ana imani. Hana hofu yoyote."

Nawauliza ninyi mliokaa hapa: nani aliulizwa?

Mama akatoa mkono chini ya blanketi, akanyoosha vidole vyote vitano. Mwana akawatazama wageni, akaona haya. Akaushika mkono ule kana kwamba anausalimu, akaanza kuukunja. Gumba. Cha pili. Cha kati. Mpaka ikabaki ngumi! "Mama, watumishi wa Mungu wapo hapa," akamnong'oneza. Kisha kwa sauti: "Andika sifuri, dada."

Na watu wakaitikia amina. Amina ya nini?

Muuguzi hakuandika. "Kaka, nimemuuliza mama. Naomba mtupishe."

Walipotoka, mama akaifungua ngumi tena, akamwambia muuguzi: "Mwanangu, naogopa. Mwezi wa tatu huu naogopa. Lakini kila nikitaka kusema, wananiimbia."

Wananiimbia! Mnasikia? Nina hasira, na siifichi. Sisi ndio tunaoingia kwa wagonjwa na ngoma na matari, na mtu akifumbua mdomo alie, tunapaza kiitikio. Tunasema tunamtia moyo. Uongo! Tunajiziba masikio sisi wenyewe, kwa sababu hofu yake inatutisha.

Naona mnageuka kumtafuta yule mwana. Msimtafute. Nyumba ile mnaijua, maneno ya mama niliyasikia nikiwa nje ya mlango, na wimbo wa siku ile niliuanzisha mimi, mchungaji wenu.

Mama bado yu hai. Jumatano nitakwenda, sitabeba kitabu. Nitakaa kitandani pake nimuulize, halafu nitanyamaza. Atakayenifuata na aje mikono mitupu, na akithubutu kumjibia, nitamtoa nje mwenyewe.